Jibu kwa msomaji wa Ujiji: kumsikiliza Cassandra Mortmain

Msomaji mmoja wa Ujiji, mwalimu kijana anayefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, ameniandikia barua inayostahili jibu refu. Shangazi yake alimpa riwaya ya Dodie Smith iitwayo I Capture the Castle, akamwambia kwamba kila msichana anayependa kuandika anapaswa kuisoma. Ameshafika theluthi ya kwanza, na hapo amekwama. Anasema: "Shikamoo Mwalimu. Nimejitahidi, lakini utamu unaosifiwa siuoni. Hakuna linalotokea. Baba ana afya, ana akili, ana jina, lakini hafanyi kazi yoyote huku watoto wake wanashindia mkate na chai. Mama wa kambo anapenda kutoka nje bila nguo ili awe karibu na maumbile. Na binti anayesimulia anayaeleza haya yote kama vichekesho. Mimi nimekasirika. Je, tatizo ni langu, ni Kiingereza changu, au ni kitabu chenyewe? Na je, ninaweza kuwapa wanafunzi wangu?"

Marahaba, mwanangu. Nikuondolee kwanza shaka moja: Kiingereza chako hakina kosa, kwa maana mtu asiyeelewa lugha ya kitabu huchoka, hakasiriki. Wewe umekasirika kwa sababu umeelewa. Hasira hiyo nitaitetea huko mbele, kwani ninaamini kwamba anayeisoma riwaya hii bila kukasirika hata mara moja ameisoma juu juu. Ninachokuomba ni kubadili kitu unachokitafuta ndani yake. Umekuwa ukisubiri tukio, nami nakusihi umtazame anayekuandikia, kwa sababu tukio kubwa la kitabu hiki ni macho ya Cassandra yanayofunguka taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa faida ya wasomaji wengine, nieleze kwa ufupi kinachosimuliwa. Riwaya ilichapishwa mwaka 1948, na mambo yake yanatokea katika miaka ya 1930 huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Msimulizi ni Cassandra Mortmain, binti wa miaka 17. Yeye na familia yake wanaishi katika nyumba iliyojengwa zama za Mfalme Charles II, yaani karne ya 17, na kuunganishwa na magofu ya ngome ya karne ya 14. Baba yake, James Mortmain, aliwahi kuandika kitabu kimoja kilichompa sifa hadi Marekani, kisha hakuandika tena. Mama mzazi amefariki. Mama wa kambo, Topaz, ana miaka 29, na kazi aliyoizoea ni kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore. Dada mkubwa, Rose, ni mzuri wa sura na amechoshwa kabisa na ufukara. Mdogo wao wa kiume, Thomas, bado yuko shuleni. Na Stephen, kijana wa miaka 18, mtoto wa marehemu mtumishi wao, anakaa nao bila kulipwa chochote. Hali ikiwa imefika pabaya, wanatokea ndugu wawili waliotoka Marekani, Simon na Neil Cotton, na Simon ndiye aliyerithi mali ambayo ngome ile ni sehemu yake, kwa hiyo ndiye mwenye nyumba wanayeshindwa kumlipa kodi. Hapo ndipo ulipoishia. Nani anampenda nani, na nani anamwoa nani, sitasema.

Sasa tutazame jinsi kitabu kilivyoundwa, kwa sababu jibu la malalamiko yako liko humo. Hii si hadithi ya mtu mzima anayekumbuka ujana wake. Ni shajara. Cassandra anatuambia mapema kwamba anaandika kwa sababu mbili: kujizoeza mwandiko wa haraka aliojifunza karibuni, na kujifundisha namna ya kutunga riwaya. Anaandika jioni yale yaliyotokea asubuhi, na wakati mwingine anaandika yale yanayoendelea mbele yake, baba akipita, dada akilalamika, mvua ikinyesha nje. Matokeo yake ni kwamba hajui kesho itakuwaje. Msimulizi anayekumbuka akiwa mtu mzima huwa ameshasahihisha makosa yake kabla hajaanza kutusimulia, lakini Cassandra akikosea kumwelewa mtu, kosa lake linabaki pale pale kwenye karatasi, na wewe msomaji unaliona. Utamu mkubwa wa kitabu uko hapo: kuna nyakati unakuwa umemtangulia hatua moja, unaona kile ambacho amekiandika yeye mwenyewe lakini hajakitambua, na unatamani kumshika mkono umwambie, "Soma tena ulichokiandika."

Mfano ulioupita tayari ni Stephen. Kijana huyu humletea Cassandra mashairi, akidai ameyatunga, kumbe ameyanakili kutoka kwa washairi mashuhuri. Cassandra anayatambua mara moja, na anahangaika atamwambiaje bila kumuumiza. Anajua pia kwamba Stephen anampenda, na baba yake ameshamwonya asimpe matumaini. Kwa hiyo utasema hakuna kilichofichika. Lakini soma tena kurasa hizo ukiangalia vitu vidogo ambavyo Cassandra anavitaja kwa kupita tu: nani amebeba maji, nani ametoa mshahara wake wa shambani ili nyumba ipate chakula. Cassandra ameyaandika yote, kwa kuwa jicho lake halikosi kitu, lakini bado hajayapima. Anadhani tatizo lililopo kati yake na Stephen ni mashairi. Atakapoanza kuyapima, kitabu kitakuwa kimegeuka mikononi mwako, na hutakumbuka ni ukurasa gani uligeuka.

Turudi kwenye lile linaloitwa vichekesho. Umesema binti anasimulia njaa kama jambo la kuchekesha. Fungua tena mwanzo kabisa wa kitabu. Cassandra anaanza kwa kutuambia kwamba anaandika akiwa amekaa ndani ya sinki la jikoni. Msomaji mwenye haraka hucheka na kusema, "Familia ya ajabu kweli," kisha anaendelea. Lakini sentensi chache baadaye binti anaeleza kwa nini amekaa humo: ni sehemu pekee ya jikoni iliyobaki na mwanga wa mchana. Nje kunanyesha, samani nzuri zimeshauzwa, na mtu anayetaka kuandika lazima aufuate mwanga unakokwenda. Ajabu imetangulia, shida imefuata nyuma yake. Mwandishi amekufundisha hapo hapo namna ya kusoma kurasa zote zitakazofuata, na kila unapokutana na kituko katika nyumba ile, jiulize kinafunika nini. Wanapotia nguo zote rangi ya kijani, hadi mikono ya Cassandra inakuwa ya kijani, ni kwa sababu hawawezi kununua nguo mpya. Wanapopata makoti ya manyoya ya shangazi yao aliyefariki London, na Rose akalivaa moja wapo, kichekesho kinachofuata kinasimama juu ya aibu ya msichana ambaye hana vazi lake mwenyewe la kuonekana mbele za watu.

Wengi wetu tuliokulia katika mikoa hii tunaijua tabia hiyo. Mgeni akifika wakati hakuna kitu jikoni, mama anacheka, anatoa mkeka, anapiga soga, na watoto wanajua kwamba kicheko kile kimebeba kazi nzito. Cassandra ni mtoto wa nyumba ya namna hiyo, na tofauti yake ni kwamba ana daftari.

Kuna jambo la fedha ambalo linampita msomaji wa leo, nalo linaongeza sana ladha likieleweka. Kitabu kimegawanyika katika sehemu tatu, na kila sehemu ina jina la daftari ambamo Cassandra anaandika: la peni sita, la shilingi moja, na la gini mbili. Peni sita ni nusu ya shilingi, kwa kuwa shilingi ya Uingereza wakati huo ilikuwa na peni 12. Gini moja ni shilingi 21, hivyo gini mbili ni shilingi 42. Maana yake daftari la tatu lina thamani mara 84 ya lile la kwanza. Kabla hujasoma hata neno moja la sehemu ya tatu, bei imeshakwambia kwamba kuna kilichobadilika katika nyumba ile, na swali linalobaki ni kama mwandishi wa daftari la bei kubwa ana furaha kuliko yule wa daftari la bei ndogo. Wasomaji wa hapa tuna njia ya kuzihisi bei hizo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na shilingi ya Afrika Mashariki iliyopita mikononi mwa mabibi na mababu zetu sokoni Tabora na Ujiji ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza, 20 kwa pauni, ila yetu iligawanywa katika senti 100. Kama yupo mzee kwenu aliyesimuliwa na wazazi wake nusu shilingi ilinunua nini wakati ule, mwulize, kisha rudi kwenye daftari la kwanza.

Nimefika kwa baba, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu ndiye aliyekukasirisha. Miaka mingi nyuma, wakati wa chai bustanini, Mortmain alimnyanyulia mkewe kisu cha kukatia keki; jirani akaruka uzio kuja kuokoa, Mortmain akamwangusha, na mahakama ikampeleka gerezani kwa miezi mitatu. Alipotoka, aliikodi ngome ile kwa mkataba wa miaka 40, akaihamishia familia yake huko, na tangu hapo anashinda katika chumba chake juu ya lango akisoma riwaya za upelelezi. Hakuna anayethubutu kumuuliza kuhusu kazi. Wewe umekulia mahali ambapo jambo hili lisingeachwa. Iwe Unyamwezini au Buha, mzee mwenye nguvu anayeacha watoto wake walale na njaa ataitiwa kikao. Wajomba watakuja, baba wadogo watakuja, majirani watatia neno, na hata asipobadilika ataambiwa. Katika ngome ile hakuna kikao. Ukoo umekwisha kwa shangazi mmoja aliyekufa London na kuacha masanduku ya nguo. Watoto wanamzunguka baba yao kimya kimya kana kwamba ni mgonjwa, na Topaz anamlinda kwa imani kwamba mtu mwenye kipaji hasumbuliwi. Kwa hiyo unaposhangaa mbona hakuna anayesema, umegusa upweke wa familia ile, upweke ambao msomaji wa Kiingereza anaweza kuuona wa kawaida na asiutilie maanani. Hapo hasira yako inakusaidia kusoma vizuri kuliko wao.

Naomba tu usiifunge kesi ya baba mapema. Swali la kwa nini aliacha kuandika linatembea katika kitabu chote. Watoto wana maelezo yao, Topaz ana yake, wageni wa Marekani wanakuja na yao, na hakuna maelezo yanayotosha. Angalia kwa makini kile anachokisoma na jinsi anavyokisoma, wala usidhani kila anachokifanya chumbani mle ni uvivu. Hata hivyo nitasema wazi ninavyoona baada ya kukirudia kitabu hiki mara kwa mara: Dodie Smith amempendelea baba huyu kuliko anavyostahili. Anaamini, kama walivyoamini wasanii wengi wa kizazi chake, kwamba kipaji kinaweza kulipa deni la ubaba. Mimi siamini hivyo, na kutokubaliana naye kumenifanya nikisome kitabu kwa makini zaidi. Nawe una haki ya kukisoma ukibishana nacho.

Topaz nakuomba umtazame upya. Ni rahisi kumwona kama kioja: sauti nzito, nguo za ajabu, kinanda chake cha nyuzi, matembezi yake ya usiku. Sasa mfuatilie kwa siku moja tu ndani ya kitabu, uone nani anapika, nani anashona, nani anapanga jinsi chakula kidogo kitakavyogawanywa, nani anafikiria kurudi London kukaa mbele ya wachoraji ili apate pesa za nyumbani. Yule anayeonekana kichaa kuliko wote ndiye anayeishikilia nyumba. Tena hakuwazaa watoto hawa, na Rose na Cassandra wanampenda bila mikwaruzo ile ambayo hadithi nyingi humpachika mama wa kambo, za kwetu zikiwemo. Ninaona huu ndio uamuzi mzuri kuliko yote aliyoyafanya mwandishi katika kuwachora wahusika wake.

Rose yuko upande wako. Yote uliyoniandikia kwa hasira, yeye ameshayasema: kwamba umaskini hauna uzuri wowote, kwamba ngome ni baridi na giza, kwamba atafanya lolote atoke. Cassandra anamsikiliza kwa huruma na kwa wasiwasi, na sisi tunaona kwamba hasira ya Rose ni ya kweli lakini njia anayoifikiria ni ya hatari. Ukiwasoma dada hawa wawili pamoja utagundua kwamba ni majibu mawili kwa shida moja. Mmoja anaitazama mpaka aielewe, mwingine anatafuta mlango. Kitabu hakisemi nani ana haki. Nami, kusema kweli, kadiri umri unavyokwenda ndivyo ninavyomhurumia Rose zaidi.

Nakushauri pia ukilinganishe na riwaya unayoijua tayari. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, tuna familia ya Ukerewe, baba mlevi, Zakaria, na binti mkubwa, Rosa, anayekua chini ya ukali wake. Huko pia baba ndiye jeraha la nyumba, na binti ndiye anayeingia katika utu uzima akiwa amelibeba. Lakini Kezilahabi anasimulia akiwa nje ya nyumba, anaona kila kitu, na anatuonyesha malezi na matokeo yake bila pazia. Ndiyo maana kitabu kiliwashtua wengi na kuzuiliwa shuleni hapo mwanzo. Dodie Smith amempa kalamu mtoto mwenyewe. Mtoto hawezi kumhukumu baba yake kwa wepesi, kwa hiyo hukumu imeachwa kwako. Ukizisoma riwaya hizi mbili kwa kufuatana, utaona ni kiasi gani cha uzito wa hadithi kinategemea nani ameshika kalamu, na utaacha kumlaumu Cassandra kwa kutokasirika. Yuko ndani ya nyumba. Bado anampenda.

Kuhusu mwandishi, nitaeleza yale tu yanayosaidia usomaji. Dodie Smith alizaliwa mwaka 1896 kaskazini mwa Uingereza, akajaribu uigizaji, akafanya kazi katika duka la samani London, kisha akapata umaarufu katika miaka ya 1930 kwa kuandika tamthilia. Mwaka 1938 alikwenda Marekani pamoja na Alec Beesley, ambaye baadaye alikuwa mume wake, na ambaye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha; vita ikawakuta huko, wakabaki miaka mingi. Riwaya hii, ambayo ilikuwa ya kwanza kwake, aliiandika California akiwa na kiu kubwa ya nchi yake. Hilo linaeleza kwa nini mvua, moto wa jikoni, harufu ya nyasi na mkate uliopakwa siagi vimeelezwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kile, maana anayeandika yuko mbali navyo na hajui lini atavirudia. Mtu wa Kigoma anayeishi ugenini akieleza dagaa wanavyoanikwa mchangani ataeleza kwa namna hiyo hiyo, hataacha kitu.

Historia yake ya tamthilia inakupa pia njia ya vitendo ya kukisoma. Mazungumzo katika kitabu hiki yametungwa na mtu aliyezoea kusikia maneno yakisemwa jukwaani, na yanapata uhai yakisomwa kwa sauti. Umeniambia una wadogo zako wawili nyumbani. Soma nao kurasa za chakula cha jioni, kila mmoja achukue mhusika wake, na utasikia jinsi watu wale wanavyokatizana, wanavyokwepa jambo, wanavyobadilisha mada pale tu baba anapotajwa. Ukisoma kimya kimya unapata habari tu. Ukisikia, unapata familia.

Usikisome kwa mkupuo, wala usikiache wiki nzima bila kukigusa. Daftari la kwanza ni la mwezi Machi, la pili la Aprili na Mei, la tatu linaanza Juni na kufika Oktoba. Majira yanabadilika kutoka baridi na matope hadi kiangazi chao, na hali ya moyo wa Cassandra inakwenda pamoja nayo. Maliza daftari, pumzika siku mbili tatu, kisha anza lingine. Utakapofika kwenye usiku wa katikati ya kiangazi, Juni, pale Cassandra anapowasha moto kilimani kama alivyozoea tangu utotoni, punguza mwendo kabisa, kwa sababu kurasa hizo ndizo kilele cha kitabu kwa maoni yangu, na baada yake msimulizi hatakuwa tena yule uliyemkuta kwenye sinki.

Kuna kikwazo kidogo cha picha. Neno ngome likitajwa hapa Tabora, wengi huona Boma la Mjerumani, jengo zima lenye kuta nene. Wengine huona kasri la filamu. Nyumba ya akina Mortmain haina fahari ya namna hiyo. Ni nyumba ya kuishi, iliyochoka, imeegemezwa kwenye kuta za kale zilizobomolewa wakati wa vita vya Cromwell. Kuna handaki la maji kuizunguka, lango lenye vyumba juu yake, na mnara mkongwe zaidi, uitwao Belmotte, umesimama peke yake juu ya kilima kidogo nje ya kuta. Chora ramani ndogo kwenye karatasi unapoendelea kusoma, kwani karibu kila siri ya kitabu ina mahali pake maalumu ndani ya eneo hilo, na mwandishi hakosei hata mara moja nani yuko wapi.

Filamu ya mwaka 2003 ipo, na imetengenezwa kwa heshima. Iache mpaka umalize kitabu. Filamu inaweza kukuonyesha anachokiona Cassandra, lakini haiwezi kukuonyesha anavyokosea kukielewa, na nimeshaeleza kwamba ndiko utamu uliko.

Sasa swali lako la mwisho, la wanafunzi. Kwa kidato cha pili au cha tatu nisingewapa kitabu kizima. Sentensi ni ndefu, mambo mengi ni ya Uingereza ya zamani, na subira inayotakiwa ni ya msomaji aliyekomaa kidogo. Kwa kidato cha tano na sita, au kwa klabu ya usomaji nje ya mtaala, ningewapa bila kusita, baada ya kuwaandaa juu ya Topaz ili darasa lisigeuke la vicheko. Usianze kwa kuwaeleza mwandishi ni nani wala ngome ni nini. Anza na tukio moja la sehemu ya kwanza, ambalo wewe umelipita bila kulitaja katika barua yako: siku Miss Marcy, mwalimu wa kijiji ambaye pia anasimamia maktaba, anapoketi nao na kuorodhesha kila mmoja katika nyumba ile anaweza kuingiza kiasi gani cha pesa kwa mwaka. Gawa sehemu kwa wanafunzi, wasome kwa sauti, na mmoja asimame ubaoni akiandika majina upande mmoja na kiasi upande wa pili kadiri kinavyotajwa. Orodha itakapokamilika, waulize maswali mawili tu, ni nani alitakiwa kuwa wa kwanza katika orodha ile, na kwa nini hakuna aliyemgeukia; kisha waache wabishane mpaka kengele ilie, na kipindi kinachofuata uwasomee ukurasa wa kwanza.